Maiki Isiyotumia Waya: Jua Masafa Yake Kabla ya Kulipa

(Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za nyumba za ibada, walimu wa shule na washereheshaji)



Nazungumza nanyi juu ya chombo ambacho kila mmoja wetu amekwisha kukitegemea, ama ibadani, ama harusini, ama msibani, ama siku ya mahafali ya mwanawe. Nacho ni kipaza sauti kisichotumia waya, ambacho katika mazungumzo haya nitakiita maiki, kama tunavyokiita sote mitaani.

Naomba nianze na kisa kimoja. Kamati ya nyumba moja ya ibada ilichangisha fedha kwa miezi kadhaa ili inunue maiki nne zilizokwisha kutumika. Jumatano zikajaribiwa katika ukumbi mtupu, na zote zikasikika vizuri. Ilipofika siku ya ibada, ukumbi ukiwa umejaa, mbili kati yake zikaanza kukatika katika kila dakika. Mbili zilizobaki zilifanya kazi karibu na jukwaa, lakini zikafifia kila msemaji alipogeuka au kusogea. Wiki iliyofuata palikuwa na msiba. Binti wa marehemu akasimama kusoma wasifu wa baba yake. Kabla hajamaliza aya ya kwanza, sauti ikapotea. Akanyamaza, akasubiri, akaanza tena, ikapotea tena. Mwishowe akaiweka maiki mezani akasoma kwa sauti yake mwenyewe, na waliokaa nyuma hawakusikia neno.

Muuzaji alipoulizwa alisema kwamba fundi wa kamati hajui kazi. Fundi alisema kwamba maiki ni za bandia. Kamati ikabaki katikati, nayo ilikuwa tayari kuchangisha upya. Vifaa vilipochunguzwa, ilionekana kwamba kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli, na hakuna uliokuwa na ukweli wote. Maiki mbili zilikuwa nzima kabisa, ila zilitengenezwa kwa masafa ambayo siku hizi hutumiwa na simu za mkononi, na hakuna fundi ambaye angeweza kuzitibu. Mbili nyingine hazikuwa na kasoro yoyote, ila kipokezi chake kilikuwa kimefungiwa ndani ya kabati la chuma nyuma ya ukumbi. Hizo zilipona siku ile ile bila kutumia hata shilingi moja.

Ninayotaka kuyasema leo yamo yote katika kisa hicho. Kuna kasoro inayozuilika dukani tu, nayo ni ya masafa. Na kuna kasoro nyingine nyingi ambazo huondolewa kwa kuweka vifaa mahali pake na kutafuta chanzo kwa utaratibu. Anayezijua mbili hizi hatanunua mara mbili.

Maiki ni kituo kidogo cha redio

Maiki isiyotumia waya ni kituo kidogo cha redio kinachoshikwa mkononi. Ndani yake mna kifaa kinachobadili sauti kuwa mawimbi na kuyarusha hewani kwa nguvu ndogo sana. Upande wa pili kuna kipokezi, yaani redio inayosikiliza masafa hayo tu, ikayarudisha kuwa sauti na kuipeleka kwa waya hadi kwenye mikisa, kisha amplifaya, kisha spika. Maiki ya kubana kwenye nguo hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo, isipokuwa kirushio chake kimo katika kisanduku kidogo kinachovaliwa kiunoni.

Kwa kuwa ni redio, sheria za redio ndizo zinazoitawala. Haiwezi kugawana masafa na mwenzake mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mawimbi yake huzuiwa na chuma, na hunyonywa na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji. Ndiyo maana ukumbi mtupu wa Jumatano haufanani na ukumbi uliojaa watu siku ya ibada.

Maiki nyingi za kumbini hutumia masafa yaliyo juu ya megahezi 470, yaani yale yale ya matangazo ya televisheni za antena. Nyingine, hasa za bei nafuu, hutumia gigahezi 2.4, ambako mna pia Wi-Fi, Bluetooth na vifaa vingi vya nyumbani. Za namna hii hazina ubaya katika darasa dogo. Katika ukumbi wenye mamia ya simu na mitambo ya intaneti, nafasi ya kupita huwa finyu.

Kwa nini masafa ya zamani hayafai tena

Wengi huuliza: iweje maiki iliyofanya kazi miaka kumi isifae leo, na haijaharibika? Jibu ni kwamba barabara yake imepewa wasafiri wengine. Televisheni za analojia zilikuwa zikitumia nafasi kubwa ya hewa. Hapa kwetu uzimaji wa mitambo hiyo ulianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha ukaendelea mikoani. Matangazo ya dijitali huhitaji nafasi ndogo zaidi, na nafasi iliyopatikana ikaelekezwa kwenye simu na intaneti. Kwa kanda ya dunia ambamo mna Afrika na Ulaya, mikutano ya kimataifa ya mawasiliano ya redio, kuanzia ule wa mwaka 2007 hadi wa mwaka 2015, ilifungulia huduma za simu masafa yote kati ya megahezi 694 na 862.

Nchi nyingine zilichukua hatua kama hizo kwa tarehe zake. Marekani ilikataza maiki katika megahezi 698 hadi 806 kuanzia tarehe 12 Juni 2010, na mwaka 2020 ikaziondoa pia katika sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 600. Uingereza ilizizuia katika megahezi 694 hadi 790 kuanzia tarehe 1 Mei 2020. Nayataja haya kwa sababu moja. Kifaa kinapokatazwa kwao hakiozi. Huweza kuuzwa kwa bei rahisi kama mtumba. Jina lake ni kubwa, umbo lake ni safi, uzito wake mkononi unaridhisha, na bei yake inashawishi. Rahisi inaweza kuwa ghali, na hapa ndipo methali hiyo inapotimia.

Dukani: maswali manne

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla mkono haujaingia mfukoni, ulizeni maswali manne.

Swali la kwanza: maiki hii inatumia masafa gani? Msikubali jibu la "yote" au "ya kisasa". Masafa huandikwa kwa namba, mara nyingi kwenye kibandiko cha nyuma ya kipokezi, na mara nyingi pia ndani ya mfuniko wa betri. Namba ya maiki na ya kipokezi lazima zilingane. Ikiwa namba zinaangukia kati ya 694 na 862, rudisheni kifaa juu ya rafu, hata kama kinasikika vizuri pale dukani. Ikiwa namba imefutwa au kibandiko kimebanduliwa, fanyeni vivyo hivyo.

Swali la pili: je, kifaa hiki kimeidhinishwa kutumika nchini? Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, vifaa vya mawasiliano na matumizi ya masafa vimo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Andikeni jina la kifaa, namba ya toleo lake na masafa yake, mkaulize katika ofisi ya kanda ya Mamlaka kama kimeidhinishwa na kama matumizi yenu yanahitaji leseni. Swali hilo likiulizwa kabla ya kununua linawaepusha na hasara.

Swali la tatu: inaweza kubadilishiwa masafa? Baadhi ya maiki zina masafa mamoja tu yaliyowekwa kiwandani. Siku akitokea jirani mwenye masafa hayo, hamna pa kuhamia. Zinazobadilishika hugharimu zaidi, lakini huwapa njia ya kutokea. Anayehitaji maiki zaidi ya mbili, au anayesafiri mkoa hata mkoa, asinunue zisizobadilishika.

Swali la nne: betri zake ni za aina gani, na zinapatikana hapa? Maiki inayotumia betri za kawaida za kidole ni rahisi kuihudumia popote. Yenye betri ya pekee, isiyouzwa ila na mtengenezaji, inaweza kufa kwa kukosa betri huku viungo vyake vyote vikiwa vizima.

Mkikwisha kuridhika, ombeni risiti halali, na juu ya risiti au hati ya dhamana yaandikwe jina la kifaa, namba ya toleo, na masafa yake kwa tarakimu. Kamati niliyoitaja mwanzoni ilikuwa na risiti, lakini iliandikwa maneno mawili tu: "maiki nne". Walipodai kwamba waliuziwa masafa yasiyofaa, hawakuwa na maandishi ya kuonyesha kile walichoahidiwa. Mstari mmoja wa wino ungeimarisha madai yao.

Kuvifunga ukumbini

Tuseme sasa mmenunua vema. Kipokezi kiwekwe mahali ambapo antena zake zinaiona maiki, yaani mtu akisimama kwenye kipokezi amwone msemaji bila kizuizi cha ukuta, nguzo ya zege au chuma. Kisifungiwe kabatini, kisilazwe sakafuni nyuma ya spika, wala kisiwekwe juu ya amplifaya. Kiinuliwe juu ya vichwa vya watu. Ni afadhali kiwe karibu na jukwaa na waya wa sauti uwe mrefu, kuliko kiwe mbali kwa fundi na mawimbi yalazimike kuvuka umati mzima. Lakini kisikaribie mno: kati ya maiki na antena zibaki angalau mita tatu.

Kipokezi chenye antena mbili kimewekewa hizo mbili kwa makusudi. Mawimbi hugonga kuta na kurudi, na mahali fulani hujikata yenyewe kwa yenyewe. Antena moja ikiwa mahali pa kukatika, nyingine huwa bado inasikia, na kipokezi huchagua iliyo bora. Basi zote mbili zifungwe, na zifunguliwe kama herufi V, moja kushoto na moja kulia. Kuzilaza pamoja au kuacha moja stoo ni kuitupa nusu ya mlicholipia.

Msemaji naye ana wajibu wake. Katika maiki nyingi za mkononi antena imo upande wa chini, kwa hiyo asiufumbate mkia wake. Wala asikizibe kichwa chake chenye wavu kwa kiganja, kwa maana kufanya hivyo huleta mluzi. Kwa maiki ya kiunoni, waya wa antena uning'inie huru. Usikunjwe, usifungwe fundo, wala usilaliane na ngozi yenye jasho.

Kuchagua masafa: kila mmoja na njia yake

Chagueni masafa kwa utaratibu huu. Zimeni maiki zote na kuacha vipokezi vikiwaka. Washeni kila kitu kitakachowaka siku ya shughuli: taa, skrini kubwa, Wi-Fi, jenereta. Kisha, kwa kipokezi cha kwanza, tafuteni chaneli tupu. Vipokezi vingi hufanya kazi hiyo vyenyewe mkibonyeza kitufe cha kutafutia. Ikipatikana, iwekeni maiki ya kwanza kwenye chaneli hiyo na muiache ikiwaka. Ndipo mwende kwa kipokezi cha pili, kisha cha tatu. Mkizima ya kwanza wakati mnamtafutia wa pili, wa pili anaweza kuangukia mahali pale pale.

Kuna mtego hapa ambao huwakamata hata mafundi wazoefu. Maiki mbili zikiwaka pamoja huzaa mawimbi mengine ambayo hakuna aliyeyakusudia. Chukueni mfano wa maiki moja iliyo kwenye 600.0 na nyingine kwenye 600.4. Mara mbili ya 600.4, ukitoa 600.0, ni 600.8. Basi kwenye 600.8 patakuwa na kelele. Fundi aliyezipanga maiki zake tatu kwa hatua sawa, 600.0, 600.4 na 600.8, akidhani amefanya unadhifu, ameiweka ya tatu juu ya kelele ya mbili za kwanza. Kinga yake ni rahisi. Watengenezaji wamekwisha kupiga hesabu hizo na kupanga chaneli katika makundi. Kwa vifaa vya aina moja, maiki zote ziwekwe katika kundi moja, kila moja kwenye chaneli yake.

Televisheni nayo isisahauliwe. Kila mkondo wa matangazo ya dijitali hushika upana wa megahezi nane. Ving'amuzi vingi vya antena huonyesha, katika ukurasa wa taarifa za mawimbi, namba ya masafa ambayo kituo kinapokewa. Kikiandika 522, maana yake ni kwamba matangazo hayo yameshika kuanzia 518 hadi 526, na maiki isiwekwe hapo. Masafa ya televisheni hutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo kwaya au mshereheshaji anayesafiri atafute chaneli upya kila anakofika. Iliyokuwa tupu Dodoma yaweza kuwa na mwenyewe Mwanza.

Na majirani je? Nyumba mbili za ibada katika mtaa mmoja, au kumbi mbili zinazotazamana, zinaweza kuingiliana hata maneno ya harusi yakatokea katika mahubiri. Si uchawi wala si uadui. Mafundi wa pande mbili wakikutana na kugawana chaneli, kila mmoja akaandika zake ukutani, tatizo limekwisha.

Maiki inapogoma

Sasa nije kwenye siku yenyewe, pale sauti inapokatika na watu wote wanageuka kumtazama fundi. Kosa kubwa la dakika ile ni kubadilisha mambo matano kwa pamoja. Badilisheni moja, sikilizeni, kisha jingine.

Anzeni kwa kutazama taa za kipokezi. Vingi vina taa au alama mbili: moja imeandikwa RF, yaani mawimbi yanafika, na nyingine AF, yaani sauti inafika.

Ikiwa RF haiwaki, kipokezi hakiisikii maiki. Tazameni kama maiki imewashwa, kama betri ina nguvu, kisha kama chaneli ya maiki na ya kipokezi ni moja.

Ikiwa RF inawaka na AF imelala wakati msemaji anazungumza, mawimbi yapo lakini sauti haimo. Mara nyingi ni kitufe cha kunyamazisha kilichobonyezwa, au waya wa maiki ya nguo uliochomoka kwenye kisanduku.

Ikiwa zote mbili zinawaka na spika ziko kimya, iacheni maiki, haina kosa. Tafuteni kwenye waya wa kuelekea kwenye mikisa, na kwenye mikisa yenyewe.

Na ikiwa RF inawaka hali maiki imezimwa, basi kuna mwingine kwenye masafa hayo. Inaweza kuwa maiki ya akiba iliyosahauliwa ikiwaka mfukoni mwa mtu, na inaweza kuwa jirani. Zimeni ya akiba. Kama taa haikuzimika, hameni chaneli.

Sauti ikikatika kila msemaji anapogeuka au anapopita mahali fulani, kasoro ni ya mahali. Inueni kipokezi, kisogezeni, tazameni antena. Ikikatika bila mpango wowote, na zaidi pale ukumbi unapojaa, rudini kwenye swali la masafa.

Mluzi wa spika si kasoro ya mawimbi. Hutokea maiki inaposikia spika na kuirudishia sauti yake yenyewe. Spika ziwe mbele ya msemaji, zikielekea kwa watu. Maiki iwe karibu na kinywa, upana wa vidole vichache tu, ili fundi asilazimike kuipandisha mno. Zisizotumika zifungwe.

Sauti ikikoroma, mara nyingi imezidishwa mahali. Vipokezi vingine vina swichi ya nyuma ya kuchagua kiwango kikubwa au kidogo cha kutoa sauti. Kiwango kikubwa kikiingizwa kwenye tundu la maiki la mikisa, sauti hupasuka. Vivyo hivyo usikivu wa maiki. Usipimwe kwa "moja, mbili, tatu" ya fundi, bali kwa sauti ya mhubiri mwenyewe anapoipaza kabisa.

Kuhusu betri, nina maneno machache. Betri moja ya kidole ya alkalaini huanza na volti 1.5, ya kuchaji ya kawaida huwa na takriban volti 1.2. Kwa hiyo maiki iliyotengenezwa kwa ya kwanza inaweza kuisoma ya pili kama iliyopungua ingawa imejaa, na kipimo chake kisiwadanganye. Msichanganye mpya na kuukuu. Kwa shughuli isiyorudiwa, wekeni mpya. Na maiki inapokwenda stoo, betri zitolewe, kwa maana huvuja na kuoza vigusio vya ndani.

Kinachosemwa hewani husikika hewani

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulisahau. Maiki ya analojia haina ufunguo. Yeyote aliye karibu na mwenye kipokezi cha masafa hayo anaweza kuisikiliza, hata akiwa nje ya ukuta. Kikao cha nidhamu cha shule, shauri la ndoa mbele ya wazee, au kikao cha fedha hakifai kufanyika kwa maiki hiyo. Tumieni ya waya, au ya dijitali ambayo maelezo yake yanasema wazi kwamba huficha mawimbi kwa msimbo, na mmeiwasha huduma hiyo. Na msemaji anayetoka jukwaani na maiki ya nguoni akumbuke kuizima kabla ya kusema lililo moyoni.

Haki yenu mnapouziwa kisichofaa

Mkigundua kwamba mmeuziwa kifaa kisicholingana na mlivyoelezwa, acheni kukitumia, wala msimpe fundi akifungue, maana muuzaji atasema kimeharibiwa. Rudini kwake mapema, na kifaa chenyewe, boksi lake, risiti, na maelezo ya maandishi: tatizo ni lipi, lilitokea lini, masafa yaliyoandikwa kwenye kifaa ni yapi. Mkatae kauli za mdomo. Jibu lake nalo liandikwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na malalamiko juu ya udanganyifu wa kibiashara hupelekwa Tume ya Ushindani. Yanayohusu masafa, kuingiliwa kwa mawimbi na uidhinishaji wa vifaa yapelekeni Mamlaka ya Mawasiliano.

Haki hiyo ina upande wa pili. Mwenye kutumia masafa asiyoruhusiwa anaweza kumwingilia mwingine mwenye kibali, na kisingizio cha "niliuziwa" hakimwondolei mwingine usumbufu. Mnunuzi mwangalifu hujilinda mwenyewe na kumlinda jirani.

Tamati

Ndugu Mwenyekiti, kamati niliyoianzia mazungumzo haya haikurudishiwa fedha za zile maiki mbili. Haikununua nyingine pia. Inatumia mbili zilizobaki, kipokezi kikiwa juu ya rafu ya mbao kando ya jukwaa, na chaneli zake zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Wajumbe wake wameongeza kitu kimoja ambacho nawaomba ninyi nyote mkiige: mezani, kila shughuli, kuna maiki moja ya waya, imechomekwa, imejaribiwa, inangoja. Mtambo wowote usiotumia waya, hata ule wa bei kubwa kuliko yote, unaweza kushindwa. Binti yule angepewa maiki ya waya katika sekunde kumi, na wasifu wa baba yake ungesikika hadi mlangoni.

Someni namba kabla ya kulipa. Iandikwe kwenye risiti. Kipokezi kiione maiki. Na ya waya iwepo mezani.